Loleza: shajara ya kuchora fonti ya vichwa vya jarida hapa Mbeya

3 Februari 2024. Kwa nini nimeanza

Jarida letu lina kurasa 32, linatoka mara mbili kwa mwaka, na linahusu chakula, mashamba na watu wa nyanda za juu kusini. Toleo lililopita nililipanga mwenyewe kwenye stoo ya shangazi, Mwanjelwa. Vichwa vyote nikaviweka kwa fonti ya mwandiko wa mkono, ile yenye mikia, kwa kuwa ndiyo niliyoizoea kwenye kadi za harusi. Lilitoka safi, ila kila aliyelishika aliuliza harusi ni ya nani.

Safari hii nataka zile herufi za majarida ya mitindo: miguu minene myeusi, na kati yake mistari myembamba kama imepitishwa kwa sindano. Wataalamu huziita Didoni, jina lililounganishwa kutoka kwa wachonga herufi wawili wa zamani, Didot wa Paris na Bodoni wa Parma. Zipo za bure na nzuri sana. Playfair Display ya Claus Eggers Sørensen ipo tangu 2011, na Bodoni Moda nayo ipo, zote kwa leseni inayoruhusu kutumia na hata kubadilisha. Mwenye haraka achukue mojawapo aishie hapa. Mimi nachora yangu kwa sababu nataka kujua zinavyofanya kazi ndani, na kwa sababu ni mbishi. Nimeipa jina la mlima unaonitazama dirishani, Loleza.

Vifaa: laptopu ya mkono wa pili, FontForge (programu ya bure ya kuchora fonti), penseli, na daftari la grafu la wanafunzi.

Maneno nitakayotumia humu: nguzo ni mstari mnene wa herufi, uzi ni ule mwembamba, vijiguu ni serifu, yaani vile vipande vya mlalo vinavyomalizia nguzo juu na chini. Kipimo ni kipande. Kila herufi inakaa ndani ya mraba wa vipande 1,000, na ukichapa kwa pointi 48 (pointi ni kipimo cha ukubwa wa herufi) basi vipande 1,000 ndizo hizo pointi 48. Mkishika hili, mahesabu yote ya mbele yatakuwa mepesi.

17 Februari 2024. Herufi tano, na o iliyonywea

Mafunzo mengi hukuanzisha na n na o. Nilianza na n, u, i, k na a, maana kwa hizo tano naandika "kuna", "ukuni", "kanuni" na "akina", na siku ya kwanza tu nina neno zima la Kiswahili mbele yangu. O ikafuata. Q na x nimezisukuma mwisho kabisa. C ipo kwa ajili ya ch.

Nguzo nimeipa vipande 104, uzi 14. Vijiguu ni bapa, vinakutana na nguzo kwa kona kali bila kupinda.

Makosa mawili ya wiki. La kwanza, o niliichora iguse mistari ile ile ambayo n inagusa, juu na chini. Kwenye skrini vipimo vilikuwa sawasawa, lakini machoni o ilionekana mtoto wa n. Duara hugusa mstari kwa ncha tu, kwa hiyo jicho hulikata. Nimeiruhusu ipite mstari kwa vipande 12 juu na 12 chini, na unene wake wa pembeni nimeupandisha toka 104 hadi 112. Sasa zinalingana, ingawa rula inakataa.

La pili ni nukta, zile unazoziweka kwenye programu ziongoze mkunjo wa mstari. O yangu ya kwanza ilikuwa na nukta 19 za mkunjo, kila nilipoona kasoro naongeza moja, na kila niliyoongeza ilileta kinundu chake. Nimefuta yote. Nukta nne nje, nne ndani, kila moja kwenye kilele: juu, chini, kushoto, kulia. Ilinichukua dakika kumi baada ya siku tatu za kuhangaika.

Pia niliinamisha o kidogo kwa mazoea ya kalamu bapa. Ikaonekana imetoka kilabuni. Herufi za aina hii mhimili wake husimama wima, kwa kuwa mama yao ni kalamu yenye ncha kali: ukikandamiza kwenda chini ncha inapanuka, ukienda pembeni inabana. Unene unatokana na mkandamizo, wala hautokani na pembe uliyoshikia kalamu.

9 Machi 2024. Tatizo la a

Nilichukua makala moja ya toleo lililopita nikaihesabu herufi. Karibu moja kati ya kila tano ni a. Tuliosoma Kiswahili tunalijua hilo bila kuhesabu, lakini kulijua na kulichora ni vitu viwili.

A ya Didoni ina kitone pale juu kushoto, mviringo mweusi unaoning'inia mwisho wa uzi. Nilikipa upana wa vipande 128, kikanoga, nikakipenda. Kisha nikaandika kichwa cha makala ya kwanza: "Mashamba ya kahawa". Herufi 16, na a ndani yake ni saba. Vitone saba vikubwa kwenye mstari mmoja. Mdogo wangu alipita nyuma yangu akasema, "Dada, mbona umemwaga choroko?"

Hakukosea. Kwenye Kiingereza au Kifaransa a hiyo hiyo ingekaa mbali na mwenzake, katikati kungejaa e na t na s. Kwetu zinafuatana kama siafu. Kwa hiyo a ya Kiswahili haiwezi kuwa herufi ya kujionyesha, kwa kuwa inarudi kila baada ya hatua moja. Nilijaribu kufuta kitone kabisa nikaweka mkato mkavu. Ikawa herufi ya fomu ya benki. Nikajaribu vipande 90, kikaonekana doa la bahati mbaya. Nimeishia 104, sawa na nguzo, na nimekirudisha ndani kisitokeze kushoto. Ukikodoa macho sasa mstari unasomeka kijivu kimoja, choroko zimeokotwa.

K nayo ilisumbua, kidogo tu. Pale uzi wa mkono wake unapoegemea nguzo panajitokeza kipembe kinachojaa weusi. Nimechonga mfereji mdogo wa vipande 10 kwenye kona hiyo. Kwenye skrini unaonekana kama kosa, kwenye karatasi hauonekani kabisa.

Flashi iliyokuwa na s na g imekufa. Siku mbili za kazi. Nimenunua nyingine kwa Sh 12,000, na faili sasa nalihifadhi sehemu tatu.

30 Machi 2024. Karatasi ya kwanza

Nimechapa kwenye printa ya leza ya steshenari moja pale Kabwe, Sh 200 kwa ukurasa. Nilienda na faili lenye sentensi moja kwa pointi 60, 36, 24 na 14. Nimerudi na maswali.

Kwa pointi 60, raha tupu. Nilibaki nimesimama pale kaunta nikiitazama hadi mwenye duka akauliza kama kuna tatizo. Kwa 36 nzuri. Kwa 24 ilianza kuchoka. Kwa 14, ambayo nilipanga iwe ya maelezo ya picha, n ilikuwa nguzo mbili zilizosimama jirani bila kufahamiana, na u hivyo hivyo, kwa hiyo "kuna" lilisomeka kama ua la miti.

Hesabu ni hii. Pointi moja ni milimita 0.353 hivi. Pointi 60 ni kama milimita 21, na vipande 14 katika 1,000 vya hizo ni milimita 0.30. Printa ya nukta 600 kwa inchi ina nukta ya milimita 0.042, kwa hiyo uzi unapata nukta saba. Hapo hakuna shida. Kwa pointi 14 uzi uleule unashuka hadi milimita 0.07, nukta moja na zaidi ya nusu. Printa haina nusu nukta. Herufi moja inapewa moja, jirani yake mbili, kutegemea ilipoangukia, ndiyo maana nyuzi zangu zilionekana nyingine nene nyingine zimekatika kwenye neno moja. Nilimlaumu mwenye duka kimoyomoyo kwa tona hafifu. Tona haikuwa na kosa.

Kisha, kwa ukorofi, nikatoa fotokopi ya karatasi ile. Nyuzi za pointi 24 nazo zikatoweka. Tangazo lolote litakalopigwa fotokopi lisikaribie fonti hii.

Gharama ya siku: kurasa 11, Sh 2,200.

6 Aprili 2024. Nilisoma kidogo

Nilitaka kujua hao wazee wa zamani waliwezaje, na jibu ni kwamba walianza na karatasi. John Baskerville wa Birmingham, aliyekuwa mwalimu wa mwandiko kabla ya kuwa mchapaji, alitumia karatasi laini isiyo na mistari inayoachwa na wavu wa kutengenezea karatasi na akazikandamiza kurasa kwa joto baada ya kuchapa. Kitabu chake cha kwanza, mashairi ya Virgil, ni cha 1757. Firmin Didot alifika kwenye nyuzi zenyewe hasa miaka ya 1780. Bodoni wa Parma alifariki mwaka 1813, na kitabu chake kikubwa cha herufi kilitolewa na mjane wake mwaka 1818.

Kilichonigusa zaidi: zamani za herufi za metali ya risasi kila saizi ilichongwa upya peke yake. Fundi wa saizi ndogo alinenepesha nyuzi kwa mkono, akapanua matumbo, yaani nafasi za ndani ya herufi, akaachanisha herufi. Upangaji wa herufi kwa njia ya picha, kisha kompyuta, ndio ulioleta uvivu wa kuchukua mchoro mmoja na kuuvuta kama mpira. Fonti ya Didot aliyoichora Jonathan Hoefler mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya jarida la mitindo la Harper's Bazaar ilirudisha utaratibu ule, ina michoro tofauti kwa saizi tofauti, hadi pointi 96.

Kwa hiyo Loleza haitakuwa fonti moja. Hili sikulipigia bajeti.

20 Aprili 2024. Nafasi, na ng'ombe aliyenitesa

Nilipakua orodha ya jozi za herufi za kurekebisha nafasi, zaidi ya jozi elfu moja. Nilibana na kulegeza kwa wiki nzima kabla sijagundua kwamba nimetumia jioni mbili kwenye jozi zenye q na x. Nikaitupa. Nimetengeneza yangu kutoka kwenye vichwa vya matoleo yetu mawili: Wa, Ya, Ta, Ka, Va, Fu, kw, ky, ny, wa, ya, vy. Ukimaliza hizo umemaliza sehemu kubwa ya kazi ya Kiswahili. W kubwa na a peke yao zilihitaji kubanwa vipande 58. Bila hivyo "Wakulima" lilisomeka "W akulima".

Halafu ng'.

Makala ya pili ya toleo hili inahusu maziwa, na kichwa chake kina neno "ng'ombe". Niliandika, nikachapa kwa pointi 72, nikaona mambo matatu kwa pamoja, yote mabaya.

La kwanza: alama yenyewe. Waandishi wetu wanatuma makala kwa simu, na simu nyingi zinaweka ile alama iliyonyooka, kijiti tu. Katikati ya herufi zilizochongwa namna hii kijiti kile kinaonekana kama msumari uliosahaulika ukutani.

La pili: pengo. Alama inaelea juu, chini yake hakuna kitu, kisha inakuja o. Jicho linaona maneno mawili, "ng" na "ombe".

La tatu ndilo lililoninyima usingizi. G yangu ni ile ya ghorofa mbili, yenye sikio linalochomoza juu kulia. Sikio hilo liko palepale ambapo mkia wa alama unashukia. Vikakutana. Kwa pointi 72 kulikuwa na donge jeusi lenye umbo la mdudu katikati ya kichwa cha habari. Nilipoisogeza alama isiguse sikio, pengo likazidi. Nilipoziba pengo, mdudu akarudi.

Nilijaribu kushusha sikio la g kwa herufi zote. Likawa sawa kwa ng', lakini "ugali" na "magari" yakapoteza uhai, g ikawa imenyong'onyea. Nilijaribu kuinua alama. Ikapita urefu wa herufi kubwa, ikaonekana imeruka kwa hofu. Mwishowe nimechora g ya pili, yenye sikio fupi lililolala, ambayo inaingia yenyewe pale tu alama inapofuata. Amri ninayoiandika ndani ya fonti ni mistari hii, kila mmoja kwenye hatua yake, kwa mpangilio huu:

sub g quotesingle' by quoteright;
sub g' quoteright by g.ng;

Ya kwanza inageuza kijiti cha simu kuwa alama iliyopinda kila kinapokuja baada ya g. Ya pili inaleta g yenye sikio fupi. Kisha nimebana alama na irabu inayofuata kwa vipande 70. Neno limekuwa neno. Kwa herufi kubwa, NG'OMBE, mstari wa kwanza unarudiwa na G kubwa, na sikio halipo, kwa hiyo kubana tu kunatosha.

Nilipojaribu kwenye Scribus, programu ninayopangia kurasa, hakuna kilichobadilika, nikakesha nikitafuta kosa kwenye amri zangu. Kosa lilikuwa Scribus niliyokuwa nayo, 1.4, ambayo haisomi amri za namna hii. Matoleo kuanzia 1.5.3 yanazisoma. Anayefuata njia hii aanze kwa kuangalia hilo kabla hajajilaumu.

11 Mei 2024. Tukuyu, na kijistari cha ʉ

Jarida lina ukurasa mmoja wa Kinyakyusa. Kinyakyusa kina irabu saba, na katika maandishi yanayofuata tahajia mpya zile mbili za ziada huandikwa i na u zilizokatwa kwa kijistari: ɨ na ʉ. Nilizichora kwa dakika chache. Mstari wa mlalo katika Didoni ni uzi, basi nikapitisha uzi wa vipande 14 katikati ya nguzo, nikaridhika.

Nilipanda gari hadi Tukuyu na karatasi kwa mwalimu mstaafu anayetuhariria ukurasa ule. Mvua ilikuwa inanyesha, kama kawaida ya Tukuyu. Baada ya shikamoo na chai, alivaa miwani, akaitazama karatasi kwa muda mrefu, akasema:

"Mwanangu, umeandika umundu kwa u za kawaida."

"Hapana, mwalimu, ni ʉ zote tatu. ʉmʉndʉ. Tazama, kuna kimstari."

Akaisogeza dirishani. "Nakiona sasa, kwa kuwa umeniambia kipo. Msomaji wangu utamwambia nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekichukulia kijistari kama pambo, sehemu ya mtindo, kumbe ndicho kinachobeba sauti. Uzi wa n ukipotea bado unakisia kuwa ni n. Uzi wa ʉ ukipotea umesoma neno jingine. Kwenye herufi hizi mbili nimevunja sheria ya mtindo: kijistari kina vipande 38, na kimetokeza nje ya nguzo kwa vipande 60 kila upande, kwa ncha zilizokatwa wima. Kwa pointi 60 kinaonekana kizito kuliko jirani zake, na mpenda Didoni ataguna. Agune.

Maandishi ya ndani ya ukurasa huo, na ya jarida zima, ni Gentium ya Victor Gaultney, ambayo ina herufi hizi tayari na nyuzi zake zinavumilia pointi 10. Loleza haitashuka chini ya vichwa. Nilipoaga mwalimu aliniwekea ndizi kwenye mfuko, nami nikasema ndaga fijo kwa lafudhi iliyomchekesha. Nauli kwenda na kurudi, Sh 8,000.

8 Juni 2024. Mashine ya ofseti

Hii ndiyo siku iliyokula hela.

Kiwanda kidogo cha uchapaji hapa mjini kilikubali kunifanyia jaribio kabla ya kazi yenyewe: pleti mbili (mabamba yanayobeba ukurasa wa kuchapwa), Sh 25,000 kila moja, karatasi wakanipa masalia. Pleti ya kwanza ilikuwa ukurasa wa ndani, wino mweusi, karatasi ya bondi ya gramu 80. Pleti ya pili jalada: maandishi meupe ndani ya weusi, pointi 20, kwenye karatasi ya kung'aa.

Ukurasa wa ndani ulinishangaza. Tangu Kabwe nilikuwa naogopa nyuzi kukonda, na hapa zilinenepa. Bondi inanywa wino, na uzi wa milimita 0.24 kwenye kichwa cha pointi 48 ulitanuka kiasi cha kuonekana kwa macho. Tofauti ya nene na nyembamba ikapungua, urembo ukashuka daraja moja. Hata hivyo ulisomeka na ulipendeza. Nimeuacha hivyo, sikutaka kwenda chini ya vipande 14.

Jalada lilikuwa msiba. Kanuni ile ile ya wino kutanuka, ila sasa wino ndio uliozunguka herufi, ukatanukia ndani. Nyuzi zote ziliziba. Lilibaki shamba la nguzo nyeupe. Fundi wa mashine, kijana mpole mwenye vidole vyeusi hadi kwenye kiwiko, aliishika karatasi akaisogeza kwenye taa.

"Dada, huu uzi wako mashine haiuoni. Mstari wa wino nipe robo pointi, usishuke. Mstari mweupe ndani ya wino nipe nusu pointi. Huu umenipa nini?"

Nilipiga hesabu palepale kwenye simu. Pointi 20 ni milimita 7.06, mara 0.014, ni milimita 0.099. Nusu pointi ni 0.176. Nilikuwa nimempa karibu nusu ya alichohitaji.

Na kulikuwa na kosa la pili, kwenye mpango wa kazi yenyewe, ambalo yeye ndiye aliyeliona. Kichwa kimoja nilikuwa nimekipanga kiwe cha rangi ya kahawa, yaani mchanganyiko wa rangi tatu, na mweusi wa jalada nao niliuchanganya rangi zote nne ili uwe mzito. Rangi nne ni pleti nne, na pleti zikipishana kwa sehemu ya kumi ya milimita, uzi wa sehemu ya kumi ya milimita umekwisha: unapata uzi wa bluu hapa, wa waridi pale. "Kwa herufi za hivi," akasema, "tumia wino mmoja." Kwa hiyo vichwa vyote sasa ni mweusi peke yake, asilimia mia, na kahawa imebaki kwenye picha.

15 Juni 2024. Michoro mitatu

Jaribio la kwanza la kunenepesha nyuzi lilikuwa la kivivu: kuzungushia kila herufi kontua ya vipande 8. Nyuzi zikanenepa, nguzo nazo zikanenepa, matumbo ya a na e yakabanwa, kona za vijiguu zikawa butu. Tukarudi harusini.

Nimechora upya. Loleza ya pili ina uzi wa 40 na nguzo ileile ya 104, matumbo mapana kidogo, vijiguu vinene, na nafasi kati ya herufi imeongezwa vipande 14. Peke yake, kwa pointi 72, inaonekana imevaa buti. Kwa pointi 20, nyeupe ndani ya weusi, uzi wake unapata milimita 0.28, na hakuna anayeona buti.

Katikati ya hizo mbili sikutaka kuchora ya tatu kwa mkono. FontForge inaweza kukokotoa ya kati ikiwa michoro miwili ina nukta sawa kwa idadi na kwa mpangilio. Yangu haikuwa nazo. G ilikuwa na nukta 46 upande mmoja na 47 upande mwingine, na matokeo yake ni g iliyojikunja kama chapati iliyoanguka. S ilianza nukta yake ya kwanza juu kwenye mchoro mmoja na chini kwenye mwingine, ikageuka nje ndani. Jumla nilirekebisha herufi 13. Jioni nne, baridi ya Juni, jiko la mkaa miguuni na mlango nusu wazi. Anayeanza leo achore mchoro wa pili kwa kunakili wa kwanza na kusogeza nukta zilizopo, asiongeze hata moja.

Sasa ziko tatu: Kubwa (uzi 14) kwa pointi 40 na kuendelea, Kati (uzi 27) kwa pointi 18 hadi 40, na Giza (uzi 40) kwa chochote cheupe juu ya weusi au juu ya picha.

Pleti ya tatu, jalada na Giza, Sh 25,000. Nyuzi zote zimetoka. Fundi hakusema kitu, aliinua dole gumba akarudi kwenye mashine.

6 Julai 2024. Limechapwa

Nakala 300. Gharama za kuchapa jarida ni hesabu nyingine, za fonti peke yake ni hizi: kurasa 93 za leza, Sh 18,600, A3 za rangi 12 kwa Sh 1,500, jumla Sh 18,000, pleti tatu, Sh 75,000, bando za intaneti, Sh 30,000, flashi, Sh 12,000, nauli ya Tukuyu, Sh 8,000. Jumla Sh 161,600. Muda sikuuhesabu, na nashukuru sikuuhesabu. Ningechapa jaribio la ofseti mwezi Machi badala ya Juni, ningeokoa pleti moja na kama wiki tatu za kupamba nyuzi ambazo zisingetoka.

Kasoro zilizobaki kwenye nakala: ukurasa wa 19 nilisahau kuiondoa Kubwa kwenye maelezo ya picha ya pointi 16, na kwenye "shambani" m inasomeka kama vijiti vitatu. Ukurasa wa 7 "ng'ambo" limetoka na g ya kawaida, kwa sababu mwandishi aliweka alama ya kufungulia badala ya kufungia na amri zangu hazikuijua. Nimeongeza mstari wa tatu kwa ajili yake. Kwenye simu, kwa maandishi ya pikseli 16, uzi wa Kubwa ni chini ya theluthi moja ya pikseli, unakuwa ukungu tu, kwa hiyo toleo la mtandaoni linatumia Giza kwa vichwa vidogo.

Mwalimu amepiga simu toka Tukuyu. Ameziona ʉ zake bila kwenda dirishani. Ameuliza kwa nini herufi ya kwanza ya makala yake ni ndogo kuliko za wenzake. Ni kweli, niliibana ili ukurasa utoshe.

Tarakimu bado ni za kuazima, 2 na 5 zangu zinaanguka kifudifudi. Italiki sijaigusa.